Siku moja maishani mwangu: kuitafuta presha kwenye mishipa ya figo

Saa moja na nusu asubuhi nawasha mashine ya ultrasaundi. Wagonjwa wa mishipa ya figo nawapanga mwanzo kwa sababu wamelala bila kula. Gesi tumboni huzuia mawimbi ya sauti, na ateri zenyewe, mishipa inayopeleka damu kwenye figo, zimejificha nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo.

Saa mbili anaingia dada mmoja wa miaka thelathini hivi. Anameza dawa tatu na presha haishuki. "Vuta pumzi, dada. Izuie. Haya, pumua." Figo ya kushoto ina sentimita 11, ya kulia 9. Tofauti ikipita sentimita moja na nusu, nasogeza kiti. Naifuata ateri ya kulia kutoka kwenye mshipa mkuu, polepole. Mwanzoni damu inapita vizuri. Mbele kidogo Dopla, sehemu ya mashine inayopima kasi ya damu, inatoa mluzi mkali, kasi inaruka hadi sentimita 310 kwa sekunde. Ikipita 180 au 200 tayari tunashuku ateri imebana. Kwa mwanamke wa umri huu, mbano ulio mbali na mdomo wa ateri mara nyingi ni fibromaskula displasia, ugonjwa wa ukuta wa mshipa wenyewe. Kwa wazee, hasa wavuta sigara, mafuta huganda palepale ateri inapoanzia.

Ananiuliza figo na presha vinahusianaje. Figo ikikosa damu ya kutosha, namwambia, hutoa renini, kemikali inayoanzisha kupanda kwa presha, kana kwamba mwili wote umepungukiwa. Mishipa inabana, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda. Harry Goldblatt alilionyesha hilo mwaka 1934 kwa kubana ateri za figo za mbwa.

Namaliza naye saa nzima. Hata foleni ikilalamika, siharakishi: ateri isiyoonekana huishia kuandikwa "kawaida", na mgonjwa anaongezewa dawa ya nne.

Saa nne ni zamu ya mzee mwenye tumbo kubwa. Sioni kitu. Naandika wazi kwamba kipimo hakikukamilika. CT ya mishipa ingefaa, ila kreatinini yake, taka ya damu inayochujwa na figo, iko juu na dawa inayodungwa ili mishipa ionekane inaweza kuziumiza figo zaidi. Namwachia daktari wake aamue kuhusu MRI.

Saa nane tunakaa na madaktari. Mzee mwingine ana mbano wa mafuta, familia inataka stenti, kibomba kidogo cha kushikilia ateri iwe wazi. Matokeo ya utafiti wa CORAL, yaliyotoka 2014, yalionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina hiyo stenti haikuongeza kinga dhidi ya kiharusi wala mshtuko wa moyo kuliko dawa peke yake. Presha yake inadhibitika, figo zimetulia. Tunakubaliana aendelee na dawa. Kuona mbano hakutoshi kusema ndio unaopandisha presha.

Kwa yule dada hesabu ni nyingine. Saa kumi nampigia daktari wake: atapitishiwa katheta, mrija mwembamba, picha ichukuliwe ndani ya ateri, na mbano ukithibitika utapanuliwa kwa puto hapohapo.