Mbwa wa mjomba walikula na hawakufa

Mwanangu aliziona kwenye simu yangu zile picha za viboko wa hifadhi ya Virunga kule Kongo, wale waliokufa April 2025, kama 50 hivi, wamevimba wanaelea kwenye mto Ishasha. Nikamwambia hao ni kimeta, ule ugonjwa wa bakteria unaoua wanyama na watu pia, maabara ilithibitisha, akakaa kidogo akauliza, sasa baba, mbwa akila hiyo nyama naye anakufa? Nikashindwa kumjibu hapohapo. Jibu nalijua vizuri sana, ndo lililomuondoa Baba Neema.

Mjomba mnamjua. Enzi hizo alikuwa na mbwa watatu, Simba, Popi na yule jike mweusi tuliyemwita Malkia, na porini kati ya Mto wa Mbu na Selela, huko Monduli, walikuwa wanatafuta ngiri, digidigi, chochote. Kibali hakuna, kila mtu anajua na hakuna anayesema, maana nyama ya buchani kwa nyumba zile ilikuwa ni mambo ya sikukuu. Baba Neema ndo alikuwa mwenzake wa kila siku. Mimi nilikuwa darasa la sita, nimefunga shule, kazi yangu kushika kamba za mbwa.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nyasi zimeisha kabisa wanyama wanalamba vumbi. Malkia akavuta kamba mpaka nikaanguka, tukamfuata, tukakuta nyumbu amelala ubavu, mkubwa, amenona. Tumbo limejaa kama linataka kupasuka. Hana jeraha la simba, hana waya shingoni, hana mkuki. Puani damu, chini ya mkia damu, nyeusi.

Mjomba hakuwa mjinga, nataka hili lieleweke. Maeneo yale kulikuwa na watu wakiliwa ng'ombe wanatia sumu kwenye mzoga ili simba na fisi wafe, kwa hiyo ukikuta mnyama amekufa hivihivi kuna utaratibu wake. Akakata kipande cha paja akawarushia mbwa. Wakala. Tukakaa chini ya mgunga tunasubiri, Baba Neema anavuta sigara, hakuna anayeongea sana, wote tunaangalia mbwa. Jua likapanda mpaka kivuli kikatuhama, tukahama nacho, mbwa wanakuja wanatulamba mikono wanatikisa mikia wanataka tena. Mjomba akasimama akasema, ingekuwa sumu wangeshalala hawa.

Na kweli, haikuwa sumu.

Wakaanza kuchuna. Nimeona wanyama wengi wakichunwa, damu ya mnyama aliyekufa huwa inaganda mle ndani mabonge mabonge unayatoa kwa mkono, ila hii ilikuwa majimaji, nyeusi kama oili chafu, inashuka kwenye vidole mpaka viwiko na inamwagika mchangani inakaa vilevile haigandi. Bandama ilikuwa imevimba nyeusi tii, mjomba alipoishika ikapasukia mkononi. Akaiangalia muda mrefu. Bandama gani hii, akasema, akaitupa. Baba Neema alikuwa ameshawasha moto anachoma ini, maana alikuwa na njaa, alitoka nyumbani bila kula ili wanae wale.

Akatokea mzee wa Kimasai na ng'ombe zake. Hakusogea. Alisimama mbali akafunika pua na shuka, akapiga mluzi ng'ombe wakageuka, halafu akapaza sauti, acheni hiyo, hiyo ni kimeta. Mjomba akamjibu kwa adabu kabisa, mzee wangu, mbwa wamekula toka asubuhi. Yule mzee akatingisha kichwa akaondoka na ng'ombe zake. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile fimbo yake inavyowaswaga haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Siku chache tu mjomba akaota kipele kwenye kifundo cha mkono, kikawasha, kikawa lengelenge, katikati pakawa peusi kama mkaa na mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko, ajabu anasema hakimuumi. Zahanati moja ikampa dawa ya malaria. Tulipompeleka hospitali kubwa nesi mmoja mama mtu mzima akakiangalia kile cheusi, akauliza neno moja, umechuna nini? Akachomwa penisilini, akapona, kovu analo. Baba Neema yeye ilimpata tumboni. Kutapika, homa, kuharisha damu, usiku mmoja tu, wakati wanatafuta gari la kumpeleka akawa ameshakata roho. Popi alivimba koo akagoma kula kidogo kisha akarudi sawa. Simba na Malkia hata kukohoa hawakukohoa.

Sasa hilo ndo nililomueleza mwanangu, nilivyokuja kuelezwa na afisa mifugo nilipokua mkubwa. Mbwa ana ukinzani na kimeta, anaweza kuvimba uso au koo lakini mara nyingi anapona, kwa hiyo kumuonjesha mbwa kunakwambia habari ya sumu tu, habari ya kimeta hakwambii kitu. Bakteria wanajaa kwenye damu ya mnyama, na ukiacha mzoga mzima bila kuupasua wengi wanaozea humohumo. Ukiupasua wakapata hewa wanajifungia kwenye kigamba kigumu, wanaingia udongoni wanakaa miaka na miaka, na jiko la kawaida haliwamalizi. Kiangazi nyumbu anakuja kulamba vumbi lilelile. Desemba 2016 Selela hiyohiyo ilipata mlipuko, mizoga zaidi ya 100 ya wanyamapori, wengi wao nyumbu, na watu wakaugua. Niliposoma nilitetemeka.

Lakini msibani kwa Baba Neema hakuna aliyetaja kimeta. Watu walisema karogwa, maana mjomba kala nyama ileile na yuko hai, na mbwa je? Mbwa wazima! Mbwa ndo walikuwa ushahidi. Kidole kikaenda kwa shemeji yake, waligombania mpaka wa shamba mwaka ule, yule mama akahama na watoto kwenda Babati. Mama Neema hajasema naye mpaka leo.

Nimemwambia mjomba twende wote kwa Mama Neema tukamueleze. Hataki. Anasema hakuna aliyempima marehemu, tutamwambia nini, na mwisho tutaambiwa sisi ndo tulimpeleka porini. Ni kweli hakupimwa. Ila ile damu niliiona, na kuna mwanamke Babati anaitwa mchawi miaka yote hii kwa ajili ya nyama ambayo hata hakuigusa. Likizo hii nitakwenda, na mjomba ameshaniambia nikienda nisimtaje.