Nyumba Iliyokosa Pa Kukaa

Ilikuwa Juni, upepo wa kusi umekaza, na baraza tuliyoazimwa Mikindani iliitazama bahari. Wanawake wanane walikaa mkekani, wengi wao wakulima wa korosho ambao deni la msimu uliopita lilikuwa likiwakosesha usingizi. Nilikuwa nikiwaongoza katika tiba ya sanaa: kupanga picha na kuzibandika ili moyo upate nafuu. Kila mmoja alipewa kipande cha boksi na kokoto za kukandamizia picha. Bila kokoto, kazi yote ingeishia uani kwa jirani.

Picha 120 zilikuwa zimeshakatwa kutoka kwenye kalenda na magazeti ya zamani. Ukimpa mtu gazeti zima atalisoma, na muda utakwisha. Kulikuwa pia na vipande vya kanga chakavu, hasa sehemu yenye jina.

Gundi tuliipika kwa unga wa muhogo uliochekechwa: vijiko vitatu vya chakula, ukavurugwa kwanza katika robo kikombe cha maji baridi, ndipo kikamiminwa kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikorogwa mpaka weupe uishe na uji ung'ae. Ukianza na maji ya moto utapata madonge. Ikiwa nyepesi, gazeti linalowa na kuchanika. Boksi nalo hujikunja likipakwa upande mmoja. Dawa yake ni kubandika karatasi tupu nyuma, kisha kulilaza chini ya tofali usiku kucha.

Sufuria niliiacha nyuma ya mlango. Watu wakiiona gundi wanabandika, na nusu saa ya kwanza ni ya kupanga na kupangua tu. Kwangu hapo ndipo penye nafuu: mtu aliyelemewa na mambo yasiyosogea anapata kitu anachoweza kukisogeza kwa kidole. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, aliyedhoofika baada ya upasuaji wa 1941, alikata karatasi za rangi akaagiza zipachikwe ukutani kwa pini, zikihamishwa mara nyingi kabla ya kugundishwa.

Bibi mmoja alichagua mtumbwi, jina la kanga na nyumba ya bati. Mtumbwi ulitulia. Nyumba ilihama kona hadi kona. Gundi ilipotolewa, jirani yake akamhimiza, "Bandika, bibi, inaota utando."

"Acha kwanza, mwanangu. Sijaona pa kuiweka."

Katika kazi hii hatuulizi picha ina maana gani, kwa sababu mtu hutafuta jibu la kumpendeza anayeuliza. Nikamuuliza, "Shikamoo bibi. Hapo ilipo sasa, nyumba inaona nini?"

"Marahaba. Inaona mtumbwi unaondoka."

Akaigeuza, ikaupa mtumbwi mgongo. Akaitazama kitambo, akairudisha.

Gundi iliyobaki tuliifunika kwa kitambaa kibichi. Wenzake saba walibandika. Yeye tulimtilia vipande vyake kwenye bahasha ya kaki, akaweka boksi tupu kwapani, akawahi kuanua muhogo kabla jua halijazama.