Mbwa wa nje Mafinga: baridi nimeisingizia mengi

Mwaka wangu wa kwanza Mafinga, mkoani Iringa, nilizika watoto watatu wa mbwa ndani ya wiki moja. Ilikuwa Julai. Mama yao, Majungu (jina alikuja nalo, aliyeniuzia alikuwa na ugomvi na majirani zake), alizaa sita kwenye kona ya stoo ya chakula cha kuku, juu ya sakafu ya saruji. Nikamtandikia blanketi kuukuu, nikafunga mlango, nikaenda kulala nikijiona mtu wa huruma. Asubuhi ya tatu nikakuta mmoja amekakamaa. Kesho yake wawili. Nikasema ni baridi, baridi ya huku haina adabu.

Mimi nimekulia Tanga, ambako mbwa hulala chini ya mwembe na kero yake kubwa ni joto. Nyumbani kwetu mbwa hakanyagi hata barazani, mambo ya mate na twahara, na mpaka leo kwenye nyumba yangu suala la mbwa kulala ndani halipo. Kwa hiyo nilipohamia huku mwaka 2017 kufuga kuku wa mayai, mbwa walikuwa walinzi wa nje tangu siku ya kwanza. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba nje ya Mafinga, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, si nje ya Tanga.

Babu jirani yangu, mtu wa kamwene (salamu ya huku) nyingi na maneno machache, alikuja kuniona siku ile walipokufa wawili. Akaingia stoo, akachuchumaa, akapenyeza mkono chini ya blanketi. Akaniambia na mimi niweke wangu.

"Umeona, mjukuu wangu? Bichi hili."

Na kweli lilikuwa bichi, ingawa halikunyeshewa. Saruji ilikuwa inatoa unyevu kwa chini, watoto wanakojoa hapo hapo, na mama yao akitoka kujisaidia kwenye manyunyu anarudi amelowa na kuwalalia. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hana hata uwezo wa kutetemeka ili ajipashe, joto lake lote anaazima kwa mama na kwenye malazi. Mimi nilikuwa nimemlaza kwenye kitambaa cha maji.

"Baridi tumezaliwa nayo," babu akasema. "Mnyama akiwa mkavu na tumbo limejaa, anaipita. Akilala pabichi, haipiti."

Usiku ule niliondoa blanketi, nikaweka mbao juu ya matofali, na juu yake maranda ya paini kiasi cha shubiri moja. Watatu waliobaki walipona. Mmoja wao ni Dogo, ambaye sasa ni dume zito kuliko mama yake.

Nikaamua kujenga banda. Huu ni mji wa mbao, Shamba la Miti la Sao Hill tunalo mlangoni, na viwandani mabanzi ni kitu cha kuni. Mtu wa huku akiniambia hana uwezo wa kumjengea mbwa banda, mimi humwangalia tu.

La kwanza nililikosea. Nililijenga kubwa, mbuzi wawili wangeenea, nikaezeka bati tupu. Kumbe banda la mbwa hupashwa na mwili wa mbwa mwenyewe. Likiwa pana anahangaika kupasha hewa ambayo hawezi kuimaliza. Na lile bati! Alfajiri moja nikakuta mgongo wa Dogo una matone na mvua haijanyesha. Nikapanda kutafuta tundu, sikuliona. Ilikuwa pumzi ya mbwa wawili. Inapanda, inagusa bati lililopoa, inageuka maji na kuwarudia mgongoni. Fundi aliyekuja kunisaidia akacheka, akasema hata nyumba zao za bati zisizo na dari hutoa jasho hivyo hivyo.

La pili, ambalo ndilo ninalo, kila mbwa na chumba chake cha futi tatu na nusu kwa futi mbili na nusu, kimo futi mbili na nusu. Mbwa anasimama, anageuka, anajikunja, basi. Sakafu ni mbao iliyoinuliwa inchi sita kutoka ardhini. Chini ya bati kuna dari ya mabanzi. Tundu la mlango nililiweka pembeni badala ya katikati, ili upande wa pili ubaki kona ambayo upepo hauifikii, na juu ya mlango nikaning'iniza gunia.

Upande wa kuelekeza mlango ulinigharimu kulibomoa mara moja. Wengi huuelekeza getini ili mbwa aone anayeingia. Nami nilifanya hivyo, na geti langu liko kusini. Sasa upepo wetu wa kipupwe huja kutoka kusini-mashariki, unapanda milima kutoka bonde la Kilombero ukiwa umebeba ukungu, na wote uliingia bandani. Nikaugeuza uangalie kaskazini. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo asubuhi ukungu ukiinuka tu linaingia mlangoni na kukausha malazi. Desemba jua likihamia kusini, mlango huo huo unakuwa kivulini. Geti wanalisikia, si lazima walione.

Ndani hamna blanketi. Kuna nyasi kavu, ninabadilisha kila Jumamosi, na ukungu ukikaa siku nne mfululizo sisubiri Jumamosi. Kipimo ni kile cha babu, kupenyeza mkono alfajiri. Mkono ukitoka na ubaridi wa maji, nyasi zinatoka.

Majungu alilikataa banda wiki nzima. Alilala kwenye majivu ya jiko la nje, katikati ya mafiga, mpaka akaunguza manyoya ya ubavu. Nilimwona mkaidi. Siku moja nikainamisha kichwa mlangoni, nikakutana na harufu. Nilikuwa nimepaka oili chafu kuzuia mchwa, nje na ndani, na mbwa ana pua kuliko mimi. Ikabidi ning'oe mbao za ndani na kuweka nyingine. Siku hizi oili inaishia kwenye miguu ya nguzo, mahali ambapo hawalambi.

Nikiwa hapo hapo kwenye oili chafu, niungame na lingine. Mwaka uliofuata Dogo alipata ukurutu, masikio na viwiko vikabaki bila manyoya. Kila mtu mtaani ana dawa moja, mpake oili ya gari. Nikampaka. Akajilamba, akatapika usiku kucha, na ngozi ikawa nyekundu kama ameungua. Bwana mifugo alipofika hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mama, wewe ungejipaka?" Ule ukurutu ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaojichimbia kwenye ngozi. Akampima uzito, akamchoma sindano kwa kipimo cha uzito huo, akarudia baada ya wiki mbili, na nyasi zote zikachomwa moto. Ndani ya miezi miwili manyoya yamerudi.

Kipupwe kinaniongezea sufuria tu. Mbwa wa nje anakula zaidi wakati wa baridi, kwa hiyo ugali wa dona na dagaa unaongezeka na ninaweka kijiko cha mafuta. Maji ya jana ninamwaga asubuhi. Zipo siku yana ngozi nyembamba ya barafu juu.

Mvua ikianza, kuanzia Novemba mpaka Aprili, kazi inabadilika. Kupe wanaamka, na kila jioni mtoto wangu anapitisha vidole masikioni, kwapani na katikati ya vidole vya mbwa. Dawa ya kuogesha ng'ombe nimeacha kuikisia kwa kizibo. Ukizidisha, mbwa anatetemeka na kudondosha mate kama amekula sumu, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kilichonitisha zaidi msimu wa mvua ni parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika kwa mbwa. Januari moja nilinunua mtoto wa miezi miwili kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba amechanjwa, kadi atanitumia. Kadi haijaja mpaka leo. Siku ya tano akakataa chakula, akatapika, akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo sitaisahau. Alitundikiwa dripu siku tatu, akafa. Daktari wa mifugo akaniambia virusi vile vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haivisumbui. Sakafu na vyombo nikasugua kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, na mwaka mzima sikuleta mtoto mwingine. Sasa wanaozaliwa hapa huchanjwa wakiwa na wiki sita hadi nane, halafu kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wafike wiki kumi na sita. Minyoo wanaanza kunyweshwa dawa wakiwa na wiki mbili tu.

Na mahindi. Sisi ni watu wa ghala, kila nyumba ina magunia, na gunia likinyeshewa likaota ukungu, mtu husema hilo tuwasagie mbwa. Nilisema hivyo mimi. Majungu alikula pumba za mahindi yale kama wiki mbili, akapoteza hamu, ufizi na weupe wa macho vikawa vya njano. Ini. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ni hii hii, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaumiza haraka. Alipona kwa bahati, baada ya kuacha chakula kile na kutunzwa mwezi mzima. Mahindi mabovu hapa yanafukiwa.

(Ulanzi, pombe ya mianzi, nao ni wa msimu huo. Dogo aliwahi kumaliza dumu la mgeni lililoachwa nje ya geti, akalala kwenye matope akikoroma. Watu walicheka. Mimi nilimbeba hadi bandani, nikamkausha kwa gunia na kukesha naye, maana mbwa aliyelewa akalala pabichi usiku wa huku hajui hata kujikunja.)

Kiangazi ndicho nilichokidharau. Pakavu, nikasema, sasa tumepumzika. Septemba Dogo akaanza kuchechemea. Nikatafuta mwiba sikuuona, nikaona vidoti vyeupe vyenye alama nyeusi katikati, pembeni ya nyayo. Funza. Vumbi kavu chini ya banda lilikuwa kitalu chao, na kijana wangu wa kuku alikuwa nao miguuni wiki mbili bila kusema. Walitolewa kwa sindano iliyochemshwa, wote wawili siku moja, vidonda vikapakwa dawa. Chini ya banda nikamwaga kokoto na sasa ninanyunyizia maji uani kila jioni. Mimi ambaye miaka yote nilipigana na unyevu!

Oktoba ndio mwezi wa moto kwenye misitu ya paini, na kwa sababu hiyo hakuna mbwa wangu anayefungwa mnyororo kwenye mti. Mchana nina waya uliovutwa kati ya nguzo mbili, pete ya mnyororo inateleza juu yake hadi kivulini na kwenye maji, na ndoano yake mtoto anaweza kuifungua kwa mkono mmoja. Usiku wako huru ndani ya uzio.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nimeifunga na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili nisisahau. Mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwaka ambao nilienda na wote watatu kwa kamba moja nilirudi na kiganja kimechanika, maana foleni ya mbwa si foleni ya watu. Siku hizi mmoja mmoja. Kijana wa kuku aliwahi kung'atwa barabarani na mbwa wa kupita, tukamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kwa kuangalia saa, akilia, kisha moja kwa moja hospitali kwa sindano. Aliona ninamtesa.

Majungu amezeeka sasa, hazai tena, alihasiwa. Kabla ya hapo nilijifunza kuhesabu: mimba ya mbwa ni siku sitini na tatu hivi, kwa hiyo akipandwa Mei anazaa Julai. Kila Mei alikuwa anakaa ndani ya banda la wavu na Dogo nje anaomboleza.

Wiki hii nimekata nyasi, mafungu sita, yako juu ya dari ya banda la kuku. Mwaka jana nilichelewa, mvua ikanitangulia, nikanunua nyasi mbichi kwa bei ya nyasi kavu na kuzianika jikoni siku mbili. Mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa Kilombero. Bado nibadilishe gunia la mlango wa Dogo, amelitafuna.