Saa Moja ya Kupigana

Jumapili, usiku wa manane

Vita vyenyewe vilichukua raundi tano. Kwa hesabu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu zinaamua bahati, raundi moja ni sekunde 6, kwa hiyo mbwamwitu walitokea gizani, wakauma, wakafa, na msitu ukanyamaza tena, yote hayo ndani ya nusu dakika. Ubishi uliofuata ulikula dakika 40 za saa ya ukutani. Usingizi umekataa kuja, nami naandika kwa sababu kuna jambo sikulisema pale mezani.

Wahusika wanne walikuwa wamelala, mmoja akikesha zamu. Mchawi wetu (mezani tunaitana kwa kazi za wahusika wetu, neno hilo si tusi) alikuwa amemaliza akiba yake yote ya uchawi jioni ile. Hata uchawi wa mwisho aliutumia kwa adui aliyekwisha kugeuza mgongo akimbie. Hakuona hasara, maana alijua pumziko refu linakuja: saa 8, kisha mtu anaamka majeraha yamepona na akiba imejaa. Mbwamwitu walipoisha akasema, "Haya, turudi kulala." Mimi, mwendesha mchezo, yaani msimulizi na mwamuzi wa kanuni, nikamwambia pumziko limeharibika, mnaanza saa 8 upya. Wote tulijua kwamba kuna watu wanawafuata nyuma na saa 8 nyingine hazipo.

"Limeharibikaje, ndugu yangu? Kwa nusu dakika?"

Tunachezea kitabu cha mchezaji cha mwaka 2014. Sentensi yenyewe, nikiigeuza kwa Kiswahili changu, inasema pumziko refu likikatizwa na kipindi cha shughuli nzito, yaani angalau saa moja ya kutembea, kupigana, kufanya uchawi au hekaheka nyingine kama hizo, basi lazima lianzwe upya. Sasa ile saa moja inashika nini? Inashika kutembea peke yake, na kupigana kunavunja usingizi hata kwa pigo moja? Au inashika orodha nzima?

Nilijenga hoja yangu vizuri, lazima nijisifu. Saa moja ni raundi 600. Nani amewahi kuona vita vya raundi 600? Vya raundi 10 tu watu wanaanza kuchungulia simu zao. Kama ni lazima mpigane saa nzima ndipo pumziko livunjike, basi neno "kupigana" limewekwa pale bure, na mwandishi wa kanuni haweki neno bure. Mpiganaji akatikisa kichwa kukubali. Kuhani akafungua kitabu chake mwenyewe asome.

Mchawi hakutetereka. Alisema kinachovunja pumziko ni "kipindi", na kipindi kinajumlishwa: ukikimbizwa dakika 20, ukapigana kidogo, ukatambaa pangoni dakika 40, umetimiza saa yako, na kupigana kumehesabiwa ndani yake. Neno lina kazi. Tena akauliza, mtu aliyeamshwa na mbwa akabweka naye nusu dakika, akarudi kitandani akalala mpaka asubuhi, utasema hakulala usiku ule? Nikakosa jibu, nikafanya wanachofanya waendesha mchezo wote wakikosa jibu: nikasema uamuzi ni wangu, tuendelee.

Nina haki hiyo. Mchezo huu ulipotoka mwaka 1974, vijitabu vitatu vya Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na mapengo makubwa kiasi kwamba bila mwamuzi usingechezeka. Na ubishi ni wa zamani kuliko wao. Maofisa wa Prussia walikuwa na mchezo wao wa vita wa ramani, ambao kanuni zake Reisswitz alizichapisha mwaka 1824, zikiwa na majedwali na dadu. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, ofisa mwenzao, akapendekeza majedwali yawekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Nikiwa na hasira napenda kumkumbuka huyu wa pili. Lakini sijawahi kuongoza jeshi, wala sijui mbwamwitu anauma vipi. Uzoefu wangu wote nimeuokota kwenye vitabu vilevile ambavyo mchawi anavisoma, tena yeye anavisoma kwa makini kunishinda.

Tuna jina la utani kwa watu kama yeye: wakili wa mezani. Leo nimekuwa nikijiuliza kama ni haki. Mawakili wa kweli nawajua. Ni wale wa hila ya wanakijiji: unapanga wakulima elfu moja mstari mmoja, kila mmoja anasubiri zamu ampokeze jirani yake mkuki, na kwa kuwa yote yanatokea ndani ya raundi moja, mkuki umevuka karibu maili nzima kwa sekunde 6, kwa hiyo eti utoboe ngome. Hapo mtu anasoma kanuni mpaka mkuki ufike mwisho wa mstari, halafu ghafla anaifunga kanuni na kufungua fizikia. Kanuni zenyewe hazijui mwendokasi; mkuki uliorushwa ni dadu moja ya pande 6, umetoka karibu au umetoka mbali. Kitabu cha waendesha mchezo cha mwaka 2024 kimeandika wazi kwamba kanuni si fizikia. Mchawi wetu hakufanya hila ya namna hiyo. Alishika sentensi moja, akabaki ndani yake.

Nikirudi kwenye ile sentensi. Kiswahili kinaniumbua. Naweza kusema "saa moja ya kutembea, kupigana, kufanya uchawi" na utata ukabaki kama ulivyo. Lakini nikiongeza herufi mbili tu, "saa moja ya kutembea, ya kupigana, ya kufanya uchawi", kesi imekwisha, mchawi ameshinda. Nikisema "kutembea saa moja, au kupigana, au kufanya uchawi", nimeshinda mimi. Kila anayegeuza ile sentensi mezani anatoa hukumu bila kujua. Na mimi niliigeuza. Siku tulipoanza kampeni hii, yaani hadithi hii ndefu ya vikao vingi, niliwaeleza wote kwa mdomo, kwa kuwa ni wawili tu waliokuwa na vitabu, nikasema: "Msiogope kuvamiwa usiku. Mpaka msumbuke saa nzima ndipo pumziko linaharibika."

Mchawi alinikumbusha leo. Nilisema sikumbuki. Nilikumbuka.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hakumaliza akiba yake kwa sababu ya mkato wa mwandishi fulani wa kanuni. Aliimaliza kwa sababu ya neno langu. Kama jioni ile, kabla hajatupa ule uchawi wa mwisho, ningesema kwamba vita vyovyote vya usiku vitavunja pumziko, angenung'unika kidogo, angeweka akiba, na maisha yangeendelea. Tafsiri ileile ikija baada ya mtu kuweka dau lake inakuwa kitu kingine kabisa, hata kama ndiyo sahihi.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kuna karatasi kwenye folda yangu, nimeichora tangu Alhamisi: alfajiri, ukingo wa msitu, wafuatiliaji 12 wanatoka kwenye ukungu, na upande wa pili mchawi asiye na kitu mkononi ila fimbo. Niliipenda sana picha ile. Kwa hiyo nilipofungua kitabu leo nilikuwa nimeshajua kitasema nini. Zile raundi 600 nilizihesabu baadaye.

Nimefika nyumbani nikachungulia toleo la mwaka 2024, ambalo hatujahamia. Huko wameacha mafumbo: pumziko linakatizwa mara tu mnapotupa dadu za kupanga zamu za vita, au mtu akifanya uchawi wowote ila ule mdogo kabisa, au akiumizwa, au akitembea saa moja. Nikachekelea. Kisha nikasoma mistari inayofuata: mnaweza kuliendeleza palepale, kila kikatizo kikiongeza saa moja tu. Kwa hiyo mimi nina haki kwamba lilikatika, na yeye ana haki kwamba wangerudi kulala. Wangeamka saa moja baadaye, akiba imejaa. Dakika 40 zote zile, na ilikuwa tofauti ya saa moja ya msituni.

Kuna ubishi ninaoutamani, na huu haukuwa mmoja wao. Kwenye kanuni za mwaka 1978 uchawi wa mpira wa moto ulikuwa unajaza ujazo, futi za ujazo kama 33,000, na ukiulipua kwenye korido nyembamba moto ulirudi ukitafuta mahali pa kukaa, mpaka ukakukuta wewe uliyeurusha. Watu walikuwa wanapiga hesabu za korido kwenye pembe za karatasi. Hapo mnabishana mkiwa upande mmoja wa meza, wote mkitaka kujua moto utaishia wapi. Siku hizi ni futi 20 kila upande kutoka kitovuni, dadu 8 za pande 6, basi.

Nimemwandikia mchawi ujumbe. Nimemwambia nilikumbuka, na kwamba Jumapili ijayo mtaamka mmepumzika, akiba yake yote ipo. Hajajibu, bila shaka amelala kama watu wenye akili.

Halafu nimefungua folda nirekebishe ile alfajiri, maana sasa mchawi anaamka na mpira wa moto. Nilitaka kuwatawanya wafuatiliaji, wengine nimewafuta tayari niwapeleke nyuma ya miti. Nimewarudisha. Wako 12, wamesongamana kwenye ukungu, hakuna aliye zaidi ya futi 20 kutoka kwa yule wa katikati.