Nilivyoifufua blenda iliyofichwa ndani ya kaunta

Jikoni kwetu, hapa Queens, New York, kuna bamba la chuma lililolala sawia na kaunta, karibu na sinki. Waliotutangulia walikuwa wakiweka juu yake ubao wa kukatia mboga. Ukiuondoa ubao unakuta kishikio chenye meno katikati, swichi ya kuzungusha, na jina la kampuni, NuTone: ni kitako cha blenda. Mwenye nyumba alipoona nakichunguza alisema kimekufa siku nyingi, nisijisumbue.

Mimi nilikuwa nimeshaona kama hicho kwa Louis Armstrong. Ndiyo, yule mpiga tarumbeta aliyefika mpaka Kongo mwaka 1960, akapiga muziki Léopoldville na Elisabethville (leo Kinshasa na Lubumbashi). Nyumba yake iko Corona, hapa hapa Queens, mtaa wa 107, na leo ni makumbusho. Unashuka treni namba 7 kituo cha 103rd Street unatembea kidogo tu. Kwa nje ni nyumba ya kawaida ya matofali, huwezi kudhani alikaa mtu maarufu. Mkewe Lucille ndiye aliyeinunua mwaka 1943, mume akiwa safarini, na wakaishi hapo mpaka Louis alipofariki mwaka 1971.

Watu husifia bafu lenye vioo kila upande. Mimi niliganda jikoni. Makabati ni ya buluu ya feruzi, yanang'aa kwa rangi ya laka, na kona zake zimekunjwa mviringo. Friji ya Sub-Zero imevishwa milango ya rangi ileile, mgeni akiambiwa akatoe maji atapapasa kwanza. Jiko la Crown lina oveni mbili, na limewekwa kibati kinachosema limetengenezwa maalumu kwa Bwana na Bibi Armstrong. Halafu kwenye kaunta, mota ya blenda imezamishwa chini, juu unabaki na pa kukalishia jagi. Kwa maoni yangu, ufundi wa nyumba ile ni wa Lucille. Mume alikuwa barabarani muda mwingi. Kama kuna aliyejua pa kuweka blenda, ni yeye.

Basi niliporudi kwangu nikafungua kabati la chini. Mota ilikuwa inaning'inia pale, imejaa vumbi na mafuta ya kupikia. Nikampigia video shemeji yangu wa Tanga, fundi cherehani.

"Shemeji, sogeza simu. Ehe. Hiyo ni mota kama ya cherehani ya umeme, hamna uchawi. Anza na kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka."

"Kaboni ziko wapi?"

"Tafuta vifuniko viwili vya duara, vinatazamana. Lakini zima umeme kwanza, tafadhali, nisije nikaulizwa na kaka."

Nikazima kwenye meni swichi. Kuhusu nyaya sikutaka mchezo: mota ilikuwa imeungwa moja kwa moja bila waya wa ethi, nikamwita fundi umeme mwenye leseni aitoe, na baadaye airudishe ikiwa na ethi na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja. Pale karibu na sinki hilo si jambo la kujadiliana.

Mota ilipokuwa mezani, kazi ikawa ya subira tu. Kaboni zilikuwa zimelika hadi springi zinakaribia kugusa shaba. Pete ya shaba inayosuguliwa na kaboni imekuwa nyeusi; nikaisugua kwa msasa laini kabisa, nikaifuta kwa spiriti, nikachokoa uchafu kwenye mianya yake kwa kijiti cha meno. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama ubani, ndiyo maana ekseli haikuzunguka hata kwa mkono. Kaboni mpya nilizipata kwa kupima upana wa zile kuukuu na kutafuta saizi inayokaribia, kisha kuzisugua kidogo ziteleze bila kubana. Shemeji alisisitiza niiache izunguke taratibu bila mzigo, kaboni zikae sawa. Mwanzo ilitoa cheche na harufu ya vumbi linaloungua. Zikapungua zenyewe.

Jagi ndilo lililonisumbua. Yapo ya mitumba mtandaoni, lakini meno ya chini lazima yaoane na bamba lako, kwa hiyo omba picha ya chini ya jagi kabla hujalipa. La kwangu lilikuja na raba ngumu inayovuja, nikaweka mpya.

Sasa nasagia nazi. Nakata vipande vidogo, nusu jagi, maji ya uvuguvugu, kisha nakamua kwa kitambaa. Tui linatoka zito. Mbuzi ya kukunia nimeitundika ukutani, na mama mkwe akija kutembea ataishusha tu, namjua. Mwenye nyumba naye amekuja kuonja wali, akauliza kama najua kutengeneza feni ya juu ya jiko.