Fulana ya Mwaka Mpya

Kwetu Unguja mwanamke akinenepa hupongezwa, akikonda huulizwa kulikoni. Nilipopungua zile kilo za mwanzo, jirani alinifuata uani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna neno. Shangazi yangu yeye hakuuliza. Aliniletea bakuli la boko boko lenye samli juu, akakaa kitako mbele yangu mpaka nikalimaliza. Ndiyo maana sikumwambia mtu yeyote nje ya kikundi changu cha mazoezi kwamba nina lengo, na kwamba lengo lenyewe ni kilo 64.

Hiyo 64 niliitoa ukutani, kwenye chati ya urefu na uzito pale kituo cha afya. Kwa mtu wa sentimita 160 kama mie, uzito wa kawaida unaishia hapo. Mie nilikuwa na 92. Presha ilisoma 150 kwa 95, na muuguzi alinipa maneno bila kuyapamba: chumvi ipungue, mafuta yapungue, nitembee kwa haraka si chini ya dakika 150 kwa wiki. Hakunitajia 64 hata mara moja. Hiyo nilijitwika mwenyewe, kwa sababu ndizo kilo nilizoolewa nazo.

Nikajiunga na kikundi cha mazoezi Maisara. Baada ya alasiri uwanja ule hauna nafasi: huku vijana wa mpira, kule wazee wanaozunguka taratibu na bakora zao, na katikati sisi wanawake, ushungi umebanwa kwa pini, suruali ya mazoezi chini ya dera. Mwalimu wetu kijana mdogo, anatuita "mama zangu" kwa adabu zote huku anatutoa roho. Siku za mwanzo nilikuwa nakimbia hatua chache, naegemea mti, nasingizia kiatu. Baadaye ule mti nikawa naupita.

Kilo nazo zikashuka mpaka 85, kisha zikagoma. Na mie sikugoma. Wali wa usiku niliacha, chai ya maziwa nikaitia sukari ya kuonja tu, na urojo niliuaga, jambo ambalo watu wa mjini wanaujua uzito wake. Ramadhani ikapita, nikawa naziangalia kaimati zinavyoelea kwenye shira kama mtu anayemtazama mchumba wake wa zamani. Mizani ikabaki 85.

Muuguzi alinieleza vizuri. Mwili ukipungua hutumia chakula kidogo kuliko ulipokuwa mnene, na juu ya hapo njaa huzidi, kwa hiyo kile kile kilichokushusha mwanzo baadaye kinakushikilia tu usipande. Kushuka tena kunataka ule kidogo zaidi ya hapo, au uchoke zaidi ya hapo. Kisha akanipima presha: 132 kwa 84. Akaniambia mtu akipunguza hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wake, presha na sukari huanza kuona tofauti, na mie nilikuwa nimeshapita hapo. "Ukipungua tena itakuwa bora," alisema, "lakini hili ulilolifanya usilidharau." Nililidharau. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia mume wangu mizani ya pale imeharibika.

Sasa kuna hili la fulana. Hapa Zanzibar tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi kitaifa. Vikundi vinatoka asubuhi mapema, vinapita barabarani kwa nyimbo na vifijo mpaka uwanja wa Amaan, kila kikundi na sare yake. Fulana zetu huagizwa Disemba. Mwaka wangu wa kwanza niliandika saizi L, kwa hesabu kwamba mpaka siku hiyo nitakuwa L. Sikuwa. Nilivaa fulana ya mikono mirefu ndani na ile L juu yake. Ikanikaba kwapani, na kila nikiinua mkono inapanda na kujiviringisha kiunoni. Wenzangu wanapiga makofi juu ya kichwa, mie mkono mmoja unapiga, wa pili unavuta pindo. Picha zilipopigwa nilijiweka nyuma ya mama mmoja mrefu. Kwenye albamu ya kikundi nimo kwa jina tu.

Disemba iliyofuata wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye mweka hazina wetu, alikuja uwanjani na daftari. Dukani walitaka hesabu usiku ule ule. Alipofika kwangu nikaona ameshaandika L, ameinakili kutoka orodha ya mwaka jana.

"Iache hivyo hivyo," akasema shoga yangu mmoja nyuma yangu. "Wiki tatu zote hizo, utapungua."

Alisema kwa mapenzi. Na mie ningeweza kuiacha, maana nilikuwa nimeshaacha mengi namna hiyo. Kitambaa cha Idd nilikuwa nacho kabatini tangu mwaka juzi, sikukipeleka kwa fundi kwa sababu nilikuwa nangoja vipimo vipya.

Lakini wiki ile ile nilikuwa nimempelekea mama mtungi mdogo wa gesi. Mama anakaa Michenzani, ghorofa ya juu, na jengo lao halina lifti. Zamani nilikuwa napanda ngazi zile mikono mitupu na bado nasimama njiani nikijipepea na ncha ya ushungi, najifanya natafuta simu mkobani. Safari hii nilipanda na mtungi, nikabisha hodi, mama akachungulia nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

Akautazama mtungi, akanitazama mie. "Mbona huhemi?"

Swali la mama ndilo lililonijia pale uwanjani, wifi kasimama na kalamu. Sikuwa nimebadilika nikaamini maneno ya shangazi kwamba unene ndio uzuri. Chati bado iko ukutani, na kwa hesabu zake mie bado ni mnene kupita kiasi. Maisara nilikuwa nitakuja kesho, na keshokutwa. Nilichochoka nacho ni kuvaa nguo za mtu ambaye hajafika. Presha yangu ilikuwa ya mwili huu wa 85. Mtungi ulipandishwa na mwili huu. Yule wa 64 alikuwa na miaka ishirini na mmoja, hajazaa, na kusema kweli hata yeye sidhani kama angeufikisha ule mtungi ghorofa ya pili.

"Futa, wifi," nikasema. "Andika XXL."

Shoga yangu akaguna. Wifi akafuta, akaandika, kisha akapekua ukurasa wa nyuma wa daftari.

"XXL ina nyongeza ya elfu mbili."

"Nyongeza ya nini?"

"Ya kitambaa, wifi. Si mie, ni dukani."

"Haya. Na wenye S wanarejeshewa shilingi ngapi?"

Akaifunga kalamu, akasema hilo atakwenda kuwauliza.