XRP iliyotumwa bila tagi: jinsi ilivyorudishwa

Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alituma XRP 150 (XRP ni aina ya sarafu ya kidijitali) kwenye soko la mtandaoni la sarafu hizo akasahau namba ya tagi. Pesa haikupotea: soko hutumia anwani moja kwa wateja wengi, na tagi ndiyo humtambulisha mwenye mzigo. Muamala haufutiki, anayeweza kuingiza salio kwenye akaunti sahihi ni soko lenyewe tu.

Kilichofanyika: kufungua pochi (programu ya kutunzia sarafu) iliyotuma, kunakili alama ya muamala (herufi na tarakimu 64), kisha kujaza fomu ya kurejesha amana ndani ya akaunti, pamoja na kiasi kamili, tarehe na tagi iliyosahaulika. Masoko mengine hukata ada, kwa hiyo kiasi kidogo huenda kisilipe usumbufu. Na atakayekufuata Telegram akitaka maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yako, huyo ni mwizi tu.